Bata Aliyeombwa Radhi

Kila Ijumaa katika mwezi wa Mei, kengele ya kutoka shuleni ikilia, mpwa wangu Tiril hushuka mbio hadi gatini ninakomngojea na boti. Kabla hajapanda, namkagua. Sweta la kijivu? Lipo. Suruali kuukuu? Ipo. Viatu vya mpira? Vipo. Ndipo namwambia, "Haya, panda, mama mwenye bata," naye hunitolea ulimi. Ana miaka kumi na miwili sasa, na ulimi huo amekuwa akinitolea tangu ana mitatu.

Nguo hizo si mchezo. Huku kwetu, katika visiwa vidogo vya pwani ya Norwe, majira ya bata bahari yakianza, kila aliye kisiwani huvaa nguo zile zile alizovaa mwaka jana na mwaka juzi. Bata humjua mtu kwa nguo yake na kwa mwendo wake. Hakuna kuanika nguo kambani, kwa sababu zinapepea. Hakuna mbwa, hakuna mgeni, hakuna kugonga misumari. Mama yangu, Borghild, hapandishi bendera hata sikukuu ya taifa, wakati nchi nzima imejaa bendera. Ukimuuliza anakwambia kwamba taifa litamsamehe, ila bata hawatamsamehe.

Mama alizaliwa kwenye kimoja cha visiwa hivyo, Tangholmen. Familia zote zilihama zamani, serikali ilipowataka watu waende kuishi penye shule, daktari na umeme. Yeye pia alihama, akaolewa, akatuzaa mimi na dada yangu, mama yake Tiril. Lakini kila masika hurudi kule peke yake, akaanika mwani kwenye mawe hadi ukauke, akautandika ndani ya vibanda vidogo vya mbao na mawe alivyoachiwa na bibi yake. Kisha anangoja. Bata jike anatoka baharini, anakagua vibanda kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga, akipenda kimoja anaingia, anataga, na kuyafunika mayai kwa manyoya anayojinyonyoa kifuani. Mama anamlinda dhidi ya tai, kunguru na fisi maji. Vifaranga wakishaenda baharini, Mama anachukua manyoya yaliyobaki kiotani, anayasafisha, anajazia blanketi. Huo ndio ujira wake, na watu wetu wameishi hivyo tangu enzi za mababu.

Sasa lazima niwaambie kuhusu masikio ya Mama. Yamechoka. Anaongea kwa sauti ambayo mimi nikiwa bado baharini naisikia kabla sijaona moshi wa jiko lake. Kifaa cha masikio alichopewa hospitalini alikuwa amekiweka kabatini, akidai kinampigia mluzi. Na katika ukoo wetu wote hakukuwa na hata mmoja aliyewahi kumwambia kwamba anapiga kelele. Tulimwonea haya. Tukifika tuliitikia tu, "Ndiyo, Mama," tukisugua masikio.

Mwaka ambao haya yalitokea, mwalimu wa darasa la Tiril, Mwalimu Herdis, aliwapa wanafunzi kazi: kila mmoja asimame mbele aeleze jambo moja kuhusu nchi yetu, ardhi yake au kazi zake au historia yake. Brage alikuja na kofia ngumu ya baba yake anayechimba mafuta baharini, akawaeleza wenzake jinsi mashine zinavyotoboa chini ya bahari. Tuva akaonyesha filamu ya mabwawa ya samaki wa kufugwa, iliyopigwa kutoka angani. Darasa zima lilipiga makofi. Mwalimu akauliza, "Nani anafuata wiki ijayo?" Ilikuwa zamu ya Tiril.

"Utaleta nini?" Brage alimuuliza walipotoka nje. "Bata wa bibi yako?"

"Hujui kitu wewe," Tiril akasema.

"Wenzenu wanachimba mafuta, ninyi mnawatandikia ndege vitanda! Mnawapelekea na chai?"

Watoto wakacheka, na Tuva akacheka zaidi ya wote. Hadi jioni jina lilikuwa limeshika: Mtandika Vitanda. Tiril alifika nyumbani amevimba. Ijumaa ilipofika nilimkagua kama kawaida, nikaona sweta, suruali na viatu. Sikuufungua mkoba. Ndani yake alikuwa amekunja koti lake jipya jekundu, kwa sababu alitaka kuonekana vizuri kwenye filamu.

Yaliyofuata sikuyashuhudia. Alinieleza mwenyewe baadaye, kidogo kidogo, macho yakiwa chini.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, Mama hulala kidogo. Walikuwa wamekula samaki na viazi, Mama akajifunika, akaanza kukoroma. Tiril akatoka polepole na koti mkononi. Alikuwa ameshachagua bata. Karibu na ukuta wa ghala la boti kuna kibanda, na ndani yake alikuwamo bata ambaye Mama anamwita Bibie. Bibie alikuwa akirudi kwenye kibanda hicho hicho mwaka baada ya mwaka. Alikuwa bata pekee aliyemwacha Mama aingize mkono chini ya kifua chake ahisi mayai. Mama alimsimulia habari zote za ukoo, nani kaolewa, nani mgonjwa, naye alikaa ametulia tu, jicho moja wazi.

Tiril akavaa koti jekundu. Akapiga magoti, akawasha simu, akaanza kusema taratibu kama watangazaji wa televisheni: "Huyu hapa ni bata bahari wa Norwe..." Lakini ndani ya kibanda mlikuwa na giza, bata hakuonekana vizuri, ni mdomo tu. Akawaza jinsi Brage atakavyosema, "Hiki ni nini, kiatu?" Basi akashika ubao wa paa, akauinua.

Ubao wa paa hauinuliwi. Mtoto wa miaka minne wa visiwa hivi analijua hilo.

Bibie akachomoka. Mabawa yalimpiga Tiril usoni, simu ikaruka, na bata akatoka akipiga kelele na kuanguka majini huku nyuma yake akiacha uchafu. Bata bahari akishtuka akiwa kiotani hutoa kinyesi chenye harufu ambayo siwezi kuieleza kwenye kitabu cha watoto. Kilikuwa kila mahali: juu ya mayai, juu ya manyoya, juu ya koti jekundu.

Tiril akabaki amepiga magoti. Mayai yalikuwa pale, ya kijani hafifu, yamechafuka. Aligusa moja. Lilikuwa na joto. Akarudisha ubao, akaokota simu, akakimbilia upande wa pili wa kisiwa na kulifua koti kwenye maji ya chumvi, maji baridi ya kuuma vidole. Kisha akakumbuka kwamba hawezi kulianika. Akalisokomeza ndani ya mfuko wa plastiki, likiwa linachuruzika, akalificha chini ya kitanda chake darini.

Mama alipoamka aliweka kahawa jikoni. Halafu akauliza swali analouliza kila siku baada ya kulala.

"TIRIL, MJUKUU WANGU, UMEZUNGUKA? WOTE WAKO SALAMA?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema kweli. Neno moja tu lingetosha. Tiril alifungua kinywa, akamtazama bibi yake anavyokata jibini ya kahawia na kumwekea vipande vinono, akasema, "Wote wako salama, Bibi."

"SIJASIKIA."

Ikabidi aurudie uongo wake kwa kupaza sauti. "Wote wako salama!"

"VIZURI. KULA."

Alimega kipande kimoja cha jibini, akakirudisha sahanini. Alijiambia kwamba Bibie atarudi mwenyewe. Kila dakika alichungulia dirishani. Bibie alikuwa majini, mbali kidogo na ufuko, anaogelea huku na huku na hakaribii. Alasiri kunguru alitua juu ya ghala la boti, na Mama akatoka na ufagio, akamfukuza kwa mayowe kama ilivyo kawaida yake. "TOKA HAPA, MWIZI MKUBWA WEWE!" Kunguru akaenda zake. Mama naye akaenda kuchanja kuni.

Ilipofika jioni, Mama akafanya mzunguko wake wa mwisho. Jioni zetu za Mei hazina giza, jua linakaa tu pembeni likingoja, kwa hiyo Tiril aliona kila kitu kutoka dirisha la darini. Alimwona Mama anainama penye kibanda cha Bibie. Alimwona anaingiza mkono kama alivyozoea, kisha anautoa haraka na kuutazama. Akamwona anakaa chini, pale pale kwenye mawe yenye unyevu.

Halafu akaanza kuzungumza na bahari. Alidhani ananong'ona, maskini, lakini maneno yake yote yalipanda hadi darini.

"NISAMEHE, BIBIE. NI MIMI. NIMEKUTISHA KWA MAYOWE YANGU. NILIMFUKUZA KUNGURU NIKASAHAU KWAMBA UKO KARIBU. NIMEZEEKA, BIBIE. SISIKII TENA NINAVYOPIGA KELELE. NISAMEHE SANA."

Tiril aliweka mto juu ya kichwa, lakini sauti ya Mama inapenya mto. Chini ya kitanda lile koti lilikuwa linanuka. Aliniambia kwamba usiku ule alitamani sakafu ifunguke imwangushe baharini. Mara tatu alishuka hadi katikati ya ngazi, na mara zote tatu akageuka. Kila alipochelewa, lile neno likazidi kuwa gumu. Mchana lilikuwa neno la "nimemshtua bata." Sasa lilikuwa pia neno la "nimekudanganya" na neno la "nimekusikia unalia nikanyamaza." Mtoto alilala na mzigo huo wote.

Asubuhi ya Jumapili Mama hakusema kitu. Hii peke yake ilitisha. Mwanamke ambaye huamka akiimba aliweka chai mezani, akamkaribisha mjukuu wake kwa ishara. Alitembea kwa soksi. Tiril alipomuuliza, "Bibi, unaumwa?" Mama alitikisa kichwa tu. Halafu alikwenda kabatini na kuanza kukunja nguo zake.

Mimi nilifika mchana kumchukua Tiril ili Jumatatu aende shule. Nilizima injini mbali, kama inavyotakiwa, nikaingia kwa makasia. Nikashangaa: gatini palikuwa na mabegi ya Mama, sanduku lake la manyoya na birika lake. Mama mwenyewe alikuwa amekaa juu ya sanduku. Tiril alisimama nyuma yake, uso mweupe kama maziwa.

"Kuna nini?" nikauliza. "Nani amekufa?"

"Narudi nawe," Mama akasema. Alisema chini sana, nikalazimika kumsogelea. Sijawahi kumsogelea Mama ili nimsikie, katika maisha yangu yote. "Nimemfukuza Bibie. Hata yai moja halijapona, yote yamekuwa baridi. Ni sauti yangu, Oddvar. Nikiendelea kukaa hapa nitawafukuza wote, na wakishaondoka hawarudi. Bora niondoke mimi."

Nitasema kweli, kwa sababu hadithi hii inataka kweli: moyoni nilifurahi. Miaka mingapi nimemwomba Mama aache kukaa kisiwani peke yake kwa umri ule? Magoti yake mabovu, ngazi zinateleza, na bahari ikichafuka mimi silali. Nikaona huu ndio mwisho mwema. Sikumwuliza swali hata moja. Nikasema tu, "Umeamua vizuri, Mama," nikainua begi la kwanza.

Nikainua la pili. Mama aligeuka kutazama vibanda vyake, kimoja baada ya kingine. Alikuwa anawaaga. Nilipoinamia sanduku la manyoya nikasikia nyuma yangu, "Mjomba, weka chini."

"Nini?"

"Weka chini hilo sanduku."

"Wewe mtoto, maji yanashuka, tutakwama kwenye..."

"Si Bibi!" Tiril akalia kwa nguvu, halafu akajiziba mdomo kwa mikono miwili, akiogopa bata. Akaanza tena kwa kunong'ona, machozi yanamiminika. "Si Bibi aliyemfukuza. Ni mimi. Niliinua paa."

Mama alimwangalia midomo. "Anasema nini?" akaniuliza.

Nilitaka kumjibu kwa niaba ya mtoto. Lakini Tiril alimzunguka bibi yake, akapiga magoti mbele yake ili midomo yake ionekane, akasema tena polepole. Niliinua paa la Bibie. Mchana, ulipolala. Nilivaa koti langu jekundu. Nilitaka filamu ya kuonyesha shuleni kwa sababu wananicheka. Na uliponiuliza kama wote wako salama, nilikudanganya.

Nilitazama injini ya boti, sijui kwa nini, injini haikuwa na tatizo lolote.

"Uliponiuliza," Mama akarudia. "Wakati wa kahawa."

"Ndiyo, Bibi."

"Mayai yalikuwaje wakati ule?"

Tiril alilia hadi akashindwa kupumua. "Yalikuwa na joto."

Mama akafumba macho. "Yalikuwa na joto," akasema. "Ningeyapangusa. Kuna bata wawili upande wa kisima wana mayai machache, ningewagawia, hawajui hata kuhesabu. Vifaranga wote wangeishi. Bibie mwenyewe huenda angerudi kama ningemtandikia mwani mpya mara moja. Unaona, Tiril? Kuinua paa hakukuua kitu. Kilichoua ni kule kusema wote wako salama."

Ningependa kuwaambia kwamba alimkumbatia hapo hapo. Hakumkumbatia. Aliendelea kukaa juu ya sanduku, mikono mapajani.

"Jana jioni nilikwenda pale," akasema. "Nikakaa kwenye mawe. Nikamwomba bata radhi, mimi, mwanamke mzima, nikalia mbele yake kwa kosa nisilolifanya. Wewe ulikuwa wapi?"

"Dirishani."

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia, Bibi. Kila neno."

"Ukaniacha."

Tiril aliinamisha kichwa hadi paji la uso likagusa mbao za gati. "Nilikuacha," akasema.

Mimi nina umri wa kutosha, nimewaona watu wazima wakiaibika mahakamani, na kanisani, na mbele ya wake zao. Sijaona aibu kama ile. Masikio ya mtoto yalikuwa mekundu kabisa, na bado hakukimbia. Kisiwa ni kidogo, hapana pa kukimbilia, lakini hata kusimama hakusimama.

Kisha Mama akageukia upande wangu, nami nikajua zamu yangu imefika.

"Oddvar. Huyu mtoto amesema si sauti yangu iliyomfukuza Bibie. Lakini sauti yangu ikoje? Napiga kelele?"

"Ah, Mama, si sana..."

"Oddvar."

"Kidogo tu, pengine upepo ukiwa..."

"Bibi," Tiril akasema kutoka kule chini, akiinua uso ili midomo yake ionekane, "unapiga kelele sana. Unasikika hadi baharini. Lakini Bibie alizaliwa anakusikia. Wote wamekuzoea. Unapiga kelele kila siku na hakuna hata mmoja anayeruka."

Mama akanitazama. "Miaka mingapi?"

"Mitano," nikasema. "Sita."

"Na ninyi nyote mlijua."

"Tulikuonea haya, Mama."

"Mlinionea haya," akasema, na sasa sauti yake ilianza kurudi mahali pake. "MLINIONEA HAYA! Basi kama mngeniambia, jana ningejua kwamba ndege wamenizoea, nisingekaa kwenye mawe nikijilaani! Mtoto kajifunza wapi kunyamaza? Si kwenu? Ukoo mzima mnaitikia ndiyo Mama, ndiyo Mama, halafu mnashangaa mtoto anasema wote wako salama!"

Bata mmoja aliyekuwa kwenye kibanda cha karibu na gati alitoa kichwa, akatazama, akakirudisha ndani. Sisi wote watatu tulimwona. Mama akavuta pumzi. Akaweka mkono juu ya kichwa cha Tiril, mkono mzito, si wa kubembeleza.

"Sikiliza," akasema. "Kukosea, kila mtu anakosea. Mimi nilipokuwa mdogo kuliko wewe nilikanyaga kiota kizima, bibi yangu akanipiga kwa mwani mbichi. Lakini alinipiga mimi. Hakuna mwingine aliyelipia. Ukikosea halafu ukanyamaza, kosa halipotei, linatafuta mtu mwingine wa kulibeba. Na mara nyingi linampata yule anayekupenda, kwa sababu yeye hawezi kukudhania wewe vibaya. Hata mara moja jana sikukushuku wewe. Nilisema, Tiril? Haiwezekani. Ni mimi. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Bibi."

"Inuka basi, unachafua suruali. Oddvar, rudisha mabegi yangu ndani. Na birika."

"Mama, magoti yako, na zile ngazi..."

"Ndiyo, magoti yangu yanauma na ngazi zinateleza, nawe uje Jumamosi uzitengeneze kwa skrubu za kukaza kwa mkono, usigonge. Hayo ni magoti. Sasa tulikuwa tunazungumzia jambo jingine."

Nikarudisha mabegi. Nilikuwa na aibu yangu mwenyewe, kwa hiyo nilibeba mawili mawili.

Kabla ya kuondoka, Mama alimpeleka Tiril kwenye kibanda cha Bibie. Walitoa mayai baridi, wakayazika nyuma ya ghala ili kunguru wasiyapate na kuzoea ladha yake. Tiril alichimba shimo mwenyewe kwa mikono. Manyoya yalikuwa hayafai tena, yakaenda motoni. Mwani mchafu ukaondolewa, na Tiril akatandika mwani mkavu mpya, akiuviringisha kwa ngumi kama alivyofundishwa, ingawa majira ya kutaga yalikuwa karibu kwisha na huenda hakuna bata atakayeingia humo mwaka huo. Kwa kweli hakuna aliyeingia.

"Na hiyo filamu?" Mama akauliza.

"Naifuta sasa hivi."

"Usifute. Umeahidi kueleza kazi za nchi yetu. Waeleze. Ila waeleze yote."

Tiril alibadilika rangi. "Mbele ya Brage?"

"Mimi niliomba radhi mbele ya bata," Mama akasema. "Brage ni nani?"

Siku ya zamu yake alisimama mbele ya darasa akiwa na simu na kipande cha manyoya safi ya mwaka uliotangulia. Mwalimu Herdis ndiye aliyenisimulia. Alisema Tiril aliwaonyesha filamu nzima, pamoja na kile kishindo cha bata kuruka, na watoto wakapiga kelele za furaha, "Loo! Rudisha! Rudisha tena!" Ilikuwa filamu nzuri kuliko zote. Brage mwenyewe alisimama ili aone vizuri. Hapo Tiril angeweza kukaa chini akiwa shujaa wa darasa. Alibaki amesimama. Akasema, "Hii ni filamu ya kosa," akawaeleza yote: koti, paa, kahawa, mayai yaliyokuwa na joto, bibi yake kwenye mawe. Alimtazama kila mmoja usoni alipokuwa akisema, na uso wake ulikuwa umewaka moto.

Kisha Brage akauliza, si kwa kejeli, "Kwa hiyo bibi yako anaweza kumshika bata wa porini kwa mkono?"

"Alikuwa anaweza," Tiril akajibu, akaketi.

Ijumaa iliyofuata nilimkagua gatini. Alifungua mkoba mwenyewe bila kuambiwa, akanionyesha hadi chini. Tulipofika Tangholmen, Mama alikuwa anatungojea. Hakuwa ameacha kabisa kupiga kelele, jambo hilo halibadiliki kwa wiki moja, ila sasa alikuwa amevaa kile kifaa cha masikio, na uso wake ulikuwa umekunjamana kwa sababu ya ule mluzi anaoulalamikia.

Tulikunywa kahawa. Mama alilala kidogo. Alipoamka aliketi kitandani, akauliza swali lake la kila siku: "Tiril, umezunguka? Wote wako salama?"

Tiril alikuwa mlangoni, viatu bado vimelowa.

"Hapana, Bibi," akasema. "Yule wa upande wa kisima, yai lake moja limeviringika nje. Nadhani mguu wangu uligusa jiwe nilipopita. Bado lina joto."

Mama alikuwa ameshavaa viatu kabla hajamaliza kusema. Alimshika mkono, wakatoka pamoja, wakitembea upesi na kwa hatua laini. Mlangoni Mama alinitupia jicho.

"Umesikia, Oddvar?" akasema. "Hivyo ndivyo mtu anavyonilindia bata."